Mzee Chovya na Tangi la Kijani

Kabla hajaanza kuchovya hereni, Mzee Chovya alikuwa akichovya malori. Usicheke, ni kweli tupu. Katika kiwanda alichofanyia kazi tangu ndevu zake zikiwa changa kulikuwa na dimbwi la rangi refu kama nyumba, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye roshani ya chuma, kubonyeza kitufe, na kuzamisha bodi zima la lori humo ndani, milango na kila kitu. Kisha anafungua umeme. Umeme unaiita rangi, rangi inaitika, inakimbilia chuma na kukigandia hadi kwenye vipembe ambavyo brashi haifiki. Lori likitoka hapo lilikuwa la kijivu. Kila lori, la kijivu. Rangi za kupendeza zilipulizwa na watu wengine, chumba kingine, na hao hakuwa na habari nao.

Likumbuke hilo la kijivu, maana ndilo lililomweka mjini miaka yote ile.

Alipostaafu alikaa kibarazani. Alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, akalirudia. Mke wake, Mama Kitinda, alipofagia na kufika kwenye miguu yake aliizunguka kama anavyozunguka miguu ya meza, wala hakumwambia ainyanyue. Hilo lilimuuma kuliko kiinua mgongo kuchelewa. Mtu aliyewahi kuzamisha malori, leo anafagiwa pembeni!

Aliyemwokoa ni binti yao wa mwisho, huyo Kitinda mwenyewe. Jina lake lingine lipo, lakini kitindamimba akishaitwa Kitinda nyumbani, basi tena, atazeeka nalo. Kitinda alikuwa anatengeneza hereni na bangili za shaba kwa koleo na tupa, na shaba ilikuwa inamwangusha kwa kugeuka nyeusi masikioni mwa wateja. Siku moja akaja na habari za rangi ya kauri: chembe laini kuliko unga zinazoelea kwenye maji, unachovya hereni, unapitisha umeme, chembe zinaivamia hereni na kuivisha, halafu unaioka.

Mzee Chovya aliweka gazeti chini.

"Rudia tena hapo kwenye umeme," alisema.

Kitinda akarudia.

"Mwanangu, hiyo si ndiyo kazi yangu? Tofauti ni lori kuwa dogo tu."

Wakaisafisha gereji iliyo nyuma ya nyumba, ambayo tangu ijengwe haijawahi kuona gari. Wakaweka rafu, oveni, kikasha cha umeme chenye mshale, na matangi madogo ya kioo, kama yale ya kufugia samaki wa mapambo, kila moja na kifuniko chake. Wenzake wa kiwandani walipopata habari waliangua kicheko. Kutoka malori hadi hereni! Mmoja akamtumia ujumbe kumuuliza kama sasa anachovya na kucha. Akajibu, "Lete zako." Alikuwa na furaha, hakuna aliyeweza kumkera.

Na kazi aliiweza, tuseme ukweli. Hereni ilifika kwake ikiwa shaba tupu iliyojaa mafuta ya vidole. Aliitia kwenye kimashine cha maji yanayotetemeka, kikanguruma mpaka uchafu ukatoka, kisha akaisuuza kwa maji yaliyochujwa, si ya bomba, kwa sababu ya bomba yana chumvi na huharibu tangi zima. Akaitundika kwenye kijiwaya. Hapo ndipo penye ufundi, maana pale waya unapoigusa rangi haishiki, panabaki kinukta kitupu. Yeye alikiita kitovu. Fundi wa ovyo huacha kitovu usoni. Mzee Chovya alikificha nyuma kabisa, mahali ambapo hata mwenye sikio hapajui. Kisha anazamisha, anafungua umeme, na macho yake hayaendi kwenye hereni hata kidogo. Yanaenda kwenye mshale. Mshale unaruka juu, halafu unashuka polepole kadiri rangi inavyoifunika shaba na kuuzibia umeme njia. Ukilala, anaitoa.

"Imeshiba hiyo," anasema.

Hereni ikitoka tangini haina cha kuringia. Imepauka, ina ukungu juu yake kama bilauri iliyosuuzwa vibaya. Rangi hujitokeza kwenye oveni: ukungu unayeyuka, unang'aa, unakuwa mgumu kama kikombe. Kitinda alipenda sana wakati ule wa kufungua oveni, alipiga kelele kama mtoto. Baba yake naye alipiga kelele. Ila ukimchunguza, alikuwa akimsubiri binti aseme kwanza.

"Nyekundu hiyo, baba, angalia!"

"Nyekundu kweli kweli!" naye anaitikia.

Sasa nisogelee kidogo nikuambie. Mzee Chovya hajui nyekundu wala kijani. Bluu anaiona sawasawa, njano anaiona, nyeusi na nyeupe hana ugomvi nazo. Lakini nyekundu na kijani kwake ni ndugu wa toka nitoke, zote ni rangi ya chai iliyolala. Nyanya mbichi na mbivu anazitambua kwa kuzibonyeza. Ndivyo alivyozaliwa. Siku ya kupimwa macho kiwandani walionyeshwa kadi zenye nukta nukta na namba ndani yake, na yeye hakuona namba yoyote, aliona nukta. Mbele yake kwenye foleni alikuwapo kijana mfupi mwenye hasira za karibu, ambaye baadaye walimwita Kiberiti. Mzee Chovya akasikiliza Kiberiti anavyojibu, akayameza yote, na zamu yake ilipofika akayatapika vilevile. Kazi akapata. Kwa kuwa kila lori lilikuwa la kijivu, hakuna aliyemuuliza tena. Kiberiti peke yake ndiye aliyejua, na kwa mdomo ule wa Kiberiti, siri hiyo kukaa miaka yote ni muujiza.

Gerejini alijipanga. Kutoka dirishani: nyekundu, kijani, bluu, njano, nyeusi. Na kwa kuwa hakujiamini sana, tangi la kijani alilifunga kamba ya kiatu shingoni.

"Hiyo kamba ya nini, baba?" Kitinda aliwahi kumuuliza.

"Ya bahati."

Kitinda akacheka, yakaisha. Majina hakubandika, maana nani anaandika "nyekundu" kwenye kioo chenye rangi nyekundu? Ni sawa na kuandika "kuku" mgongoni mwa kuku. Na Mzee Chovya angeombaje abandikiwe bila kuulizwa sababu?

Utauliza, mke naye je? Mtu unalala naye kitanda kimoja hajui? Hajui. Si kwamba mzee hakutaka kumwambia. Siku ya kwanza waliyotoka pamoja, walipokuwa vijana, Kiberiti alimnong'oneza, "Msifie gauni lake, ni jekundu." Akaenda akasema, "Gauni lako hilo jekundu limekukaa kama umezaliwa nalo." Yule msichana akatabasamu. Sasa wewe, mbele ya tabasamu lile, ungeanza kueleza mambo ya nukta na kadi? Akaahirisha. Mara ya pili msichana akaja na jekundu tena, Mzee Chovya akaambiwa tena na Kiberiti, akasifu tena. Wakaoana. Mapazia yakawa mekundu, kitambaa cha meza chekundu, mlango wa mbele ukapakwa rangi nyekundu, na kabati la Mama Kitinda ndiyo usiseme. Mzee Chovya aliambiwa na wageni kwamba nyumba yake ni nyekundu kila mahali. Akajisemea moyoni, kila mtu na ugonjwa wake. Mke wangu ana wazimu wa nyekundu, na mimi nani nimkataze.

Ndoa yao ilikuwa nzuri, isipokuwa jambo moja. Mwanzoni kabisa Mama Kitinda alimuahidi mumewe kwamba atamfuata kazini jioni watembee pamoja kurudi. Akavaa gauni jipya, akasimama nje ya geti la kiwanda, mgongoni kwake ua mrefu wa majani. Wafanyakazi wakatoka. Akapunga mkono. Mume akamtazama pale pale alipo, macho yakampitia kama yanavyopita kwenye nguzo ya umeme, akaendelea na safari yake. Akapunga mikono yote miwili. Wapi! Ikabidi amkimbilie na kumgusa bega mbele ya watu, na yeye akaruka kama kaguswa na mzimu. Alisingizia jua. Tangu siku hiyo Mama Kitinda hakumsubiri tena nje, wala kazini, wala kituoni, wala kwenye kona ya mtaa wao. Na kila walipogombana, hata kwa sababu ya chumvi, mwisho wake ulijulikana: "Si ndiyo wewe wewe uliyenipita getini!"

Haya. Mwalimu wa kwaya akaagiza hereni za kijani kwa wanawake wote wa kwaya yake, ziendane na kola za sare zao. Oda kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Kitinda akakata shaba mpaka vidole vikaota malengelenge. Asubuhi ya kuchovya, Mzee Chovya alikwenda kununua maji yaliyochujwa, na huku nyuma Mama Kitinda akaingiwa na huruma. Gereji yote vumbi, akasema, na mume wangu anahangaika humo peke yake. Akaingia na ndoo. Akafuta rafu, akayanyanyua matangi moja moja, akayang'arisha, akayarudisha kwa mpangilio uliompendeza macho: kijani kikae dirishani, kipate mwanga. Ile kamba akaitupa.

Mzee Chovya alirudi akakuta sakafu inameremeta. Akaangalia rafu.

"Kamba yangu iko wapi?"

"Ile chakavu? Nimeitupa," alisema mkewe akiminya tambara. "Mtu mzima na kamba ya kiatu kimoja, ya kazi gani?"

Angemuuliza kama kayahamisha matangi? Angejibiwa, "Kwani huoni?" Akafungua vifuniko, akachungulia. Chai iliyolala, na chai iliyolala. Akanusa, bure. Mwishowe akapiga moyo konde: mke wangu ni mtu wa utaratibu, kila kitu hukirudisha alipokitoa, la pili kutoka dirishani ndilo la kijani. Akachovya. Mshale ukaruka, ukalala, zikashiba. Trei ya kwanza akaioka mwenyewe, kwa kuwa Kitinda alikuwa ametoka, na nyingine akazipanga zingoje zamu. Alipofungua oveni alizikagua kwa makini: hakuna bonge, hakuna kipele, vitovu vyote vimejificha. Akazitundika kwenye ubao, akasimama pembeni yake mikono kiunoni.

Kitinda akaingia, na nyuma yake mwalimu wa kwaya, aliyekutana naye njiani akataka kuchungulia tu.

"Karibuni, karibuni!" Mzee Chovya alisema. "Tazameni kijani hicho! Kama majani baada ya mvua!"

Ubaoni hereni zilikuwa nyekundu pyuu, kama pilipili zilizoanikwa.

Mwalimu wa kwaya akacheka. "Mzee una utani wewe!"

"Utani gani?"

Kitinda naye alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Akamtazama baba yake usoni, akaona hatanii. Mwalimu wa kwaya, mwanamke muungwana, akatazama hereni, akatazama dari, akatazama viatu vyake.

"Tulikubaliana kijani lakini," alisema taratibu.

"Ndiyo hiki, mwalimu."

Mwalimu akamtazama Kitinda. Mzee Chovya alijua hapo hapo kwamba maji yamezidi unga. Kitinda akasema kumetokea hitilafu kidogo, kesho mchana zitakuwa tayari, akamsindikiza mgeni mpaka nje. Aliporudi hakumlaumu baba yake hata kidogo. Alimwambia kwa sauti laini, "Pumzika, baba," kama anayezungumza na mgonjwa, akamtoa gerejini. Na upole ule ulimtisha kuliko makelele.

Alikaa kibarazani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Mama, baba hayuko sawa," alisikia Kitinda akisema. "Kasema nyekundu ni kijani, na alikuwa anaamini kabisa. Akili zimeanza kumtoka."

"Baba yako? Juzi tu kanitajia jina la mbwa wa mwalimu wake wa darasa la kwanza."

"Ndivyo inavyoanza. Ya zamani wanayakumbuka yote, ya leo yanawaponyoka. Mama, mle kuna umeme, kuna oveni. Akijiunguza je? Kesho ufunguo wa gereji nabaki nao mimi."

Ikasikika sauti ya kiti, kisha ya Mama Kitinda akipenga kamasi.

Mzee Chovya aliyasikia yote. Hii sasa ni balaa gani? Akinyamaza, ndiye huyo mzee aliyepotewa na akili, anarudi kibarazani, anafagiwa pembeni mpaka siku ya mwisho. Na kazi ile aliipenda, Mungu anajua alivyoipenda. Aliamka asubuhi akiwa na mahali pa kwenda. Akisema ukweli, mke wake atajua kwamba yale masifu yote ya magauni, tangu lile la kwanza, alikuwa akinong'onezewa. Akampigia simu Kiberiti.

"Sema!" Kiberiti alifoka. "Sema leo hii! Siri yako imenichosha mimi, na unajua nilivyo mfupi, imenizidi kimo!"

Akajikaza kisabuni, akainuka, akaingia jikoni.

"Sijachanganyikiwa," alisema kabla hajakaa. "Uzee upo, sikatai. Lakini kichwa ni kizima. Ni macho. Nyekundu na kijani siwezi kuzitofautisha, tangu nizaliwe."

Kitinda alimwangalia. Akanyoosha mkono kwenye kapu, akatoa nyanya na pilipili hoho, akazishika moja huku moja huku.

"Ipi nyekundu?"

"Nipe nizibonyeze."

"Hakuna kubonyeza!"

"Basi sijui."

Kitinda akamwonyesha kitambaa cha meza, hajui. Mfuniko wa chupa, hajui. Kandambili zake mwenyewe, hajui, alidhani za kahawia. Akavunjika mbavu yule msichana, akacheka mpaka akajishikilia kwenye jokofu, na katikati ya kicheko akawa analia, akamkumbatia baba yake shingoni. "Ungeniambia tu, baba! Ningeandika! Mwenzio nimeshakuzika moyoni!" Na Mzee Chovya naye akaanza kucheka, kwa ahueni tu, mpaka alipomwona mke wake.

Mama Kitinda hakuwa anacheka.

"Na gauni langu?" aliuliza.

"Lipi?"

"Lolote."

Mzee Chovya akajikuna kisogo.

"Lile la kwanza. Ulisema limenikaa kama nimezaliwa nalo."

"Kiberiti aliniambia ni jekundu."

Mama Kitinda aliitazama meza, akayatazama mapazia, akaitazama kanga aliyojifunga kiunoni.

"Mimi nyekundu siipendi," alisema. "Sijawahi kuipenda. Inaniumiza macho. Mimi mtu wa bluu. Kila nikiingia dukani mkono unakwenda kwenye bluu, najikanya, nasema hapana, mwenzangu anapenda nyekundu. Mpaka mlango! Mpaka mlango nimeupaka! Miaka yote hii nimeishi ndani ya nyanya kwa ajili yako, na wewe ulikuwa unaona nini?"

"Chai iliyolala," alisema Mzee Chovya, kwa sababu kusema uongo kulikuwa kumemwishia.

Kitinda aliuma mdomo asije akacheka tena.

"Na baada ya ile ya getini ndiyo nikazidisha," aliendelea Mama Kitinda, na sauti sasa ilikuwa imepasuka. "Nikasema labda haikukolea. Labda nikivaa nyekundu iliyokolea zaidi ataniona."

Mzee Chovya alikaa kwenye kiti. Alikuwa hajawahi kuliweka jambo lile hivyo kichwani.

"Ulikuwa umevaa jekundu siku ile?"

"Jipya. Nilishonesha."

"Na nyuma yako ulikuwa ule ua wa majani."

"Ulikuwepo."

"Mke wangu, nilikuwa nakutafuta," alisema. "Kiberiti alikuwa anaumwa, nilikuwa peke yangu. Uliniahidi utakuja, nikatoka nakutafuta kwa macho, ua mzima, mwanzo mpaka mwisho. Niliona majani. Nikasema basi, hakuja, nikaondoka na huzuni zangu. Kumbe ulikuwa pale pale, nguo na majani kwangu ni kitu kimoja. Ulipouliza nikasingizia jua. Niliona aibu. Nisamehe."

Alilia, mtu mzima yule, bila kuficha uso. Mama Kitinda akanyanyuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Usiku ule alilala kageukia ukutani, na mzee hakuthubutu hata kukohoa.

Asubuhi Mama Kitinda alikuwa ameshatoka, hakuaga mtu. Kitinda akamtia baba yake ufunguo wa gereji kiganjani, akavikunja vidole vya mzee juu yake. Kwenye matangi alikuwa amebandika karatasi zenye herufi za kusomeka kutoka barabarani: NYEKUNDU, KIJANI, na zote. La kijani alilifunga pia kamba mpya ya kiatu, safi, bado ina harufu ya dukani.

Wakafanya kazi. Zile ambazo hazijaokwa rangi ilitoka kwa kuoshwa tu, na zilizookwa wakazitumbukiza kwenye dawa kali ya kuondolea rangi, wakazisafisha upya. Mzee Chovya alichovya, mshale ukaruka, ukalala. Kabla hazijaingia oveni aliitoa moja akairudisha tangini.

"Hiyo imekonda upande wa chini."

Kitinda akaigeuza kwenye mwanga. "Mimi sioni kitu."

"Wewe unasubiri rangi. Mimi naangalia unene tu, sina kingine cha kuangalia."

Ilipookwa nyingine iliyokonda vivyo hivyo, ambayo Kitinda aling'ang'ania kwa ubishi isirudishwe tangini, ikatoka na doa chini. Akamsonya baba yake kwa mapenzi. Mpaka mchana zote zilikuwa tayari, na Kitinda akaapa kwamba ni kijani, akala kiapo juu ya koleo lake. Mzee Chovya akachukua jozi moja iliyobaki, akaisuuza upya, akaizamisha kwenye tangi la tatu. Hilo hakuhitaji kusoma karatasi.

"Hiyo ni ya nani?" Kitinda aliuliza.

"Shughulika na zako."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea mwalimu wa kwaya mzigo wake, kwa heshima ya kuomba radhi uso kwa uso. Mwalimu akafungua boksi, akashangilia, akasema hajawahi kuona kijani kizuri hivyo. "Ndivyo ninavyosikia," alisema Mzee Chovya, akaaga.

Alirudi kwa miguu, taratibu, hana haraka ya kufika kwenye nyumba iliyonuna. Jua lilikuwa limelegea. Akakata kona ya kuingilia mtaani kwao. Mtaa wenyewe ni mrefu na umenyooka, na mwisho wake, kabla ya nyumba yao, jirani amepanda ua mrefu wa majani kuzunguka kiwanja chake. Mzee Chovya aliinua macho.

Kule mbali, mbele ya ua ule, kulikuwa na bluu.

Hakuwa na haja ya kukaza macho. Bluu yenyewe ilikuwa imesimama wima, imebana mkoba kwapani, haipungi mkono, haiiti mtu. Ilikuwa inangoja. Akanyoosha mkono juu, akapunga. Akapunga na wa pili. Akaita, "Mama Kitinda!" mpaka watu wakachungulia madirishani, kisha yule mzee mwenye magoti mabovu akaanza kukimbia.

"Unakimbilia nini, mtu mzima?" mkewe alimuuliza alipofika akihema. Gauni lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hilo mzee hangeweza kulijua.

"Usije ukaondoka."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile hereni, akaziweka kiganjani mwake. Mama Kitinda alizigeuza, akatafuta kitovu, asikione. Akazivaa pale pale barabarani, moja, halafu ya pili, bila kioo.

"Umeniona ukiwa wapi?" aliuliza.

"Kule kwenye kona."

Mama Kitinda akageuka, akaitazama kona, ilivyo mbali.